Chagua Kinachokufaa: Uhakiki wa Karatasi ya Dukani

Katika miaka karibu 40 ya ualimu nimesahihisha karatasi za kila namna: insha, hesabu, maandalio ya masomo ya walimu wenzangu, hata barua za kuomba ruhusa ambazo mtoto ameziandika mwenyewe kwa kuiga mwandiko wa baba yake. Sikudhani kwamba uzeeni, hapa Ifakara, ningeketi chini ya mwembe na kalamu nyekundu kusahihisha karatasi ya dukani inayowaelekeza watu jinsi ya kuchagua chombo cha kuvutia nikotini. Lakini ndivyo ilivyotokea. Na kwa kuwa karatasi hiyo ilinisaidia kwa upande mmoja na kunipotosha kwa upande wa pili, naona inastahili kuhakikiwa kama kitabu chochote kile.

Kwanza nieleze ilivyonifikia. Mjukuu wangu mmoja hufanya biashara ya vifaa vya simu Dar es Salaam. Alipokuja kutusalimu wakati wa Krismasi alinikuta nakohoa. Nilianza kuvuta mwaka 1971 nilipokuwa chuo cha ualimu, nikaanza na Nyota, mshahara ulipopatikana nikapanda hadi Sportsman, na tangu hapo nimeacha mara tatu na kurudi mara tatu. Daktari alikuwa amekwisha kuniambia kwa lugha ya upole kwamba mapafu yangu hayana akiba tena. Kijana akatoa mfuko, akaniambia kwa utani wetu wa siku zote: "Mume mwenzangu, nimekuletea dawa ya kikohozi chako, maana mke wetu hapati usingizi." Ndani ya mfuko mlikuwa na vyombo vitatu na karatasi moja iliyopigwa chapa pande zote mbili. Juu yake palikuwa na maelezo kwamba kila mtu achague chombo kinacholingana na mazoea yake.

Vijana huviita vepu. Kwa msomaji ambaye hajaviona, chombo hiki ni ndugu wa koroboi. Kuna mafuta yake, yaani maji mazito yaliyochanganywa na gliserini, nikotini na ladha ya matunda au mnanaa. Kuna utambi wa pamba uliozungukwa na waya mwembamba. Tofauti ni kwamba hakuna moto: betri hupasha waya joto, maji yaliyonyonywa na utambi hugeuka mvuke, na mvutaji huuvuta mvuke huo. Aliyekibuni chombo cha namna hii tunachokiona leo ni Hon Lik, mfamasia wa China, mwaka 2003, naye mwenyewe alikuwa mvutaji. Kwa kuwa tumbaku haiungui, hakuna lami ile inayotia weusi mapafuni wala hewa ya sumu itokanayo na moto. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa, na sitaipunguza. Nikotini yenyewe, lakini, imebaki palepale.

Sasa turudi kwenye karatasi. Jambo lililonifurahisha ni kwamba haikuanza kwa kusifu bidhaa. Ilianza kwa kuuliza. Unavuta sigara ngapi kwa siku? Unavuta kwa kuuweka moshi kinywani kwanza, au unaupeleka kifuani moja kwa moja? Uko nyumbani au safarini muda mwingi? Unataka kuacha kabisa, au kubadilisha tu? Nimewafundisha walimu vijana kwamba somo zuri huanza na swali ambalo mwanafunzi hawezi kulijibu bila kujichunguza, na haya yalikuwa maswali ya aina hiyo. Niliona aibu kwamba mtu aliyevuta kwa zaidi ya nusu karne hakuweza kujibu hata la kwanza kwa hakika. Nikachukua daftari. Kwa siku 7 niliandika kila sigara: saa, mahali na sababu.

Nakiri kwamba daftari lile limenifundisha kuliko mahubiri yote niliyowahi kuyasikia juu ya tumbaku. Wastani ulikuwa sigara 11 kwa siku. Kati ya hizo, nilizozitaka kwa kweli hazikuzidi 4: ya asubuhi baada ya chai, ya baada ya ugali wa mchana, na moja au mbili za jioni. Nyingine zote zilikuwa kama alama za vituo barabarani. Taarifa ya habari imekwisha, sigara. Mgeni ameaga, sigara. Nimegombana na fundi wa bati, sigara mbili.

Iliyonishangaza zaidi ilikuwa ya mtoni. Wenyeji wanakumbuka jinsi tulivyokuwa tukivuka Mto Kilombero kwenda Lupiro na Mahenge. Ulikuwa unasubiri kivuko, pengine saa nzima, pengine zaidi mto ukijaa, na jua la bonde letu halina huruma. Nilikuwa mwalimu mkuu ng'ambo ya pili kwa miaka 9, na kila safari nilivuta sigara moja wakati kivuko kinakuja na moja tukiwa juu ya maji. Daraja lilizinduliwa mwaka 2018. Sasa gari linapita bila kusimama, na kabla hujamaliza kumsalimia jirani yako kwenye kiti umekwisha kuvuka. Lakini katika wiki ile ya daftari nilikwenda mazikoni Lupiro, na kabla gari halijafika darajani mkono wangu ulikuwa umekwisha kuingia mfukoni kutafuta pakiti. Kivuko kimeondoka, abiria wake wamezeeka, kazi yangu imekwisha, na sigara ya kivuko bado ipo! Hapo ndipo nilipoelewa maana ya neno mazoea, ambalo karatasi inalitumia mara nyingi bila kulieleza hata mara moja.

Upande wa pili wa karatasi unaeleza vyombo vyenyewe, na mimi nilivijaribu vyote vitatu. Cha kwanza ni kile cha kutupa: hakijazwi, kikiisha ladha kinatupwa. Karatasi inakipendekeza kwa mtu anayeanza, eti kwa sababu hakina usumbufu. Wenye duka hawakufikiria mtu wa Ifakara. Ndani ya kila kimoja mna betri ya lithiamu. Sisi taka tunazitupa shimoni nyuma ya nyumba na kuzichoma Jumamosi, na betri ya namna hiyo ikitiwa motoni inaweza kulipuka. Nimekaa nacho kabatini hadi leo, kimekwisha, sijui nikipeleke wapi. Uingereza, ambako mwaka 2023 serikali ilianzisha mpango wa kuwagawia wavutaji vepu bure ili waachane na sigara, ilipiga marufuku kuuza hivi vya kutupa tarehe 1 Juni 2025, na sababu mojawapo ilikuwa taka hizo.

Cha pili ni kisanduku kikubwa kinachojaa kiganja, chenye mvuke mwingi kama wa treni ya zamani. Hicho ni cha wale wanaovuta kifuani moja kwa moja. Nilivuta mara moja, nikakohoa mpaka mama watoto akatoka jikoni na mwiko mkononi. Sina zaidi la kusema juu yake.

Cha tatu ni kidogo, bapa, kinajazwa kwa chupa na kuchajiwa kama simu. Huvutwa kwa mdomo, taratibu, kama sigara. Hapa karatasi ilisema kweli: kwa mtu wa sigara 11 aliyezoea kuuonja moshi kinywani kwanza, hiki ndicho. Umeme ukikatika chaji yake hufika siku ya pili. Kasoro ni kwamba katika maduka yote niliyouliza hapa mjini sikupata maji yake wala kichwa chake cha waya na utambi, ambacho hubadilishwa kila baada ya wiki moja au mbili. Kila kitu hutoka Dar es Salaam kwa basi.

Nije sasa kwenye kasoro za karatasi, maana alama hazitolewi kwa huruma.

Kasoro ya kwanza ni ya hesabu. Juu ya chombo cha kutupa imeandikwa "asilimia 5", na karatasi inairudia bila maelezo. Mtoto wa darasa la sita akiona tano kwa mia huona ni kitu kidogo, na watu wazima wengi ni hivyo hivyo. Lakini maana yake ni kama miligramu 50 za nikotini katika kila mililita. Nchi za Ulaya zimeweka kikomo cha miligramu 20 kwa mililita. Sigara moja humwachia mvutaji miligramu 1 au 1 na nusu hivi mwilini. Sisemi kwamba yote yaliyomo chomboni huingia mwilini, la hasha, lakini muuzaji anayemuuliza mteja idadi ya sigara zake na kisha asimwonyeshe namna ya kulinganisha idadi hiyo na namba iliyo juu ya chombo, amemuuliza bure.

Kasoro ya pili ndiyo kubwa, nami sikuitambua kwa akili. Niliitambua usiku. Karatasi inachukulia kwamba mazoea ni kama miguu, na chombo ni kama kiatu: pima mguu, chukua kiatu. Sigara, pamoja na ubaya wake wote, ina mwisho. Inaungua, inafika kwenye kipisi, unaikanyaga, unarudi kwenye shughuli zako. Bibi yangu mzaa baba alikuwa mnusaji wa ugoro, na kikopo chake kilipokwisha ilibidi akauke mpaka asage tumbaku nyingine kwa mkono, kazi ya nusu siku, na pengine mgongo ulimkataza. Kiko nacho huzimika, hudai kusafishwa. Vyombo hivyo vyote vilikuwa na mlango wa kutokea. Hiki kidogo bapa hakina. Hakuna kipisi, hakuna jivu, hakuna harufu ya kumkasirisha mtu. Unavuta mara moja, unaweka, unachukua.

Nyumbani kwetu sigara haijavutwa chumbani tangu mwaka 1978, alipozaliwa binti yetu wa pili na mama yake akatoa amri. Niliitii amri hiyo kwa zaidi ya miaka 40. Wiki ya tatu na chombo changu kipya, saa nane ya usiku, nikasikia sauti gizani: "Mwalimu, hicho kitaa cha buluu ni cha nini?" Nilikuwa nimelala chali, navuta, na wala sikukumbuka kukichukua. Sikuwa na jibu. Chombo kilichochaguliwa kwa mazoea yangu kilikuwa kimenitengenezea zoea jipya ambalo daftari langu halikuwa nalo.

Toka siku ile kinalala sebuleni, juu ya rafu ya redio, ambapo kila mtu anakiona. Nakwenda kwake nikiwa nimesimama, navuta mara 10, nakirudisha. Kwa maneno mengine, nimekitengenezea kipisi. Maji ya miligramu 20 nimeyashusha hadi 10. Sigara ya mwisho niliivuta mwezi Februari, na sokoni sasa nafika kwa kupumzika mara moja badala ya tatu. Kwa hiyo siwezi kuinyima karatasi alama zake. Nilikuwa nimeandika 6 kati ya 10, na pengine ingebaki hivyo kama mjukuu hangerudi wakati wa Pasaka.

Tulikuwa tumekaa nje baada ya chakula, naye akatoa chake, cha kutupa, chenye harufu ya embe bivu. Niliwahi kukiona kwake Krismasi nikadhani amenisindikiza tu, kama mtu anayeonja uji wa mgonjwa kumpa moyo. Nikamuuliza swali la kwanza la karatasi, kwa mzaha: "Na wewe, kabla ya hiki, ulikuwa ukivuta sigara ngapi kwa siku?"

"Sijawahi kuvuta sigara, babu. Sigara inanuka."

"Hata moja?"

"Hata moja." Akanyamaza kidogo. "Hiki ni cha embe tu."

Nikamwuliza kinamchukua siku ngapi kukimaliza. Akasema zamani wiki, sasa siku tatu, na kwamba asubuhi asipokiona chini ya mto hawezi kuoga kwanza. Ana miaka 23.

Nikaingia ndani nikaleta karatasi. Katika swali la kwanza kuna visanduku vitatu vya kutia alama: chini ya 10, kati ya 10 na 20, zaidi ya 20. Nilimwomba anionyeshe yeye angetia alama wapi. Aliitazama kwa muda mrefu, kijana mwepesi wa maneno kama yule, akaigeuza upande wa pili, akairudisha. Hakukuwa na mahali pake. Chombo kimemwuzia tabia na kujiuza chenyewe kwa pamoja, kisha kinamwambia kwamba kinalingana naye. Uganda katika sheria yao ya mwaka 2015 walikataza vyombo hivi visiingizwe wala kuuzwa. Nilipoisikia habari hiyo zamani niliona ni ukali kupita kiasi kwa wazee kama mimi. Jioni ile sikuwa na hakika tena.

Nilichukua kalamu, nikachora kisanduku cha nne pembeni, nikaandika ndani yake 0. Ile 6 nikaikata, nikaandika 3. Kijana alicheka, akasema mwalimu hafi.

Asubuhi, kabla hajapanda basi, nilimpa daftari jipya la kurasa 32, nikamwambia aandike kwa siku 7: saa, mahali na sababu. Alilikunja akalitia mfuko wa nyuma wa suruali. Ni wiki sita sasa. Kila Jumapili anapiga simu, anauliza hali ya bibi yake, anauliza kama mpunga umevunwa. Nami nauliza habari za daftari, naye ananiambia, "Babu, mtandao unakatika."