Kutoka Mzazi hadi Mwenyekiti: Msamiati wa Usaliti katika Filamu za Outrage

Filamu mbili za Takeshi Kitano, Outrage (2010) na Outrage Beyond (2012), zinasawiri Sanno-kai, kundi la kubuni la yakuza ambalo katika filamu ya pili limejivika sura ya kampuni. Mwenyekiti Kato na msaidizi wake Ishihara wanahimiza uwekezaji na kuwatukuza waingizaji fedha, huku wazee wa kundi wakinung'unika. Ni rahisi kuuona mgogoro huu kuwa ni wa uungwana wa kale dhidi ya uchu wa kisasa. Makala haya yanashikilia kwamba usomaji huo unanaswa na msamiati wa wazee wenyewe.

Lugha ya yakuza ni lugha ya ukoo. Kiongozi ni oyabun, neno lililojengwa juu ya dhana ya mzazi. Mfuasi ni kobun, aliye katika nafasi ya mtoto. Uhusiano huo hufungwa kwa kikombe cha sake, kama udugu wa kuchanjiana ulivyofungwa kwa damu katika baadhi ya jamii za Afrika Mashariki. Hata hivyo, katika Outrage, mwenyekiti Sekiuchi anaugeuza uzazi huo kuwa chambo: anamchochea Otomo dhidi ya mkubwa wake, Ikemoto, kisha anamtelekeza. Kato naye anamuua Sekiuchi na kukikalia kiti chake. Kwa hiyo, kampuni haikuuua udugu. Iliukuta umekwisha kufa. Kilichobadilika ni kisingizio: awali mtu aliangamizwa kwa jina la heshima, sasa kwa jina la faida. Neno kaicho, linalomtaja mwenyekiti wa kampuni na pia mkuu wa kundi la yakuza, linaufanya mpito huo usisikike.

Ukali huo wa Kitano, hata hivyo, una mpaka. Kundi la Otomo linamnasa balozi wa Gbanan, nchi ya kubuni ya Kiafrika, na kuugeuza ubalozi wake kuwa kasino, kwa kuwa kinga ya kidiplomasia inawazuia polisi. Balozi huyo anazungumza Kiingereza, na Ishihara ndiye anayewasiliana naye. Wahusika wa Kijapani wamepewa lugha ya kuifichia tamaa, na filamu inaifichua. Balozi amepewa kinga ya kukodisha na nafasi ya kuchekesha. Filamu inayoumbua uongo wa ukoo kwa umakini mkubwa imeridhika na Mwafrika asiye na ukoo wowote.

Hoja hii inamhusu pia mfasiri wa Kiswahili. Akiandika "bosi" badala ya oyabun, atawapa watazamaji hadithi ya wahalifu wanaogombea mali. Akiandika "mzee", neno linalobeba baba na mkubwa wa kazi kwa pamoja, atawaachia kejeli yote: kwamba aliyeitwa mzazi ndiye aliyewauza watoto.