Fundisho la Savory na Gharama ya Malisho: Uhakiki

Mafundisho machache ya ufugaji yameleta ubishi mkubwa kusini na mashariki mwa Afrika kama la Allan Savory, mzaliwa wa Bulawayo, ambaye kitabu chake Holistic Resource Management kilitolewa mwaka 1988. Makada hawana budi kulichambua fundisho hili. Wapo wanaolipokea lote kama ufunuo, na wapo wanaolitupa lote kwa sababu mwenyewe aliwahi kukaa katika Bunge la walowezi wa Rhodesia. Njia zote mbili ni za uvivu. Nadharia hupimwa kwa vitendo, na hapa swali la vitendo ni moja: je, ranchi katika nchi isiyo na fedha nyingi yaweza kuendeshwa kwa gharama ndogo bila kuua majani?

Swali hilo ni letu. Ranchi za taifa, zilizowekwa chini ya NARCO mwaka 1975 na kupanuliwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia, zilirithi sura ya ranchi ya kigeni: vitalu vya seng'enge, pampu, mabomba na mitambo ya kufyeka vichaka. Ranchi ya Kongwa yenyewe ilikua juu ya ardhi ya Mpango wa Karanga wa 1947, ambao Waingereza waliufunga mwaka 1951 baada ya kuteketeza karibu pauni milioni 36. Mashine ilishindwa na udongo na mvua za Kongwa, lakini imani ya kwamba maendeleo ni mashine haikuzikwa pamoja na karanga. Katika Umasaini nako, vyama vya ranchi vilivyoundwa kwa sheria ya 1964 na kupewa msaada wa Wamarekani katika miaka ya 1970 vilijengewa majosho na mabwawa. Fedha za kutengeneza vilivyoharibika zilipokosekana, mradi uliisha, wafugaji wakabaki na vyuma.

Sasa tumtazame Savory. Alianza kama ofisa wa wanyamapori, akaamini kwamba ardhi inakufa kwa sababu ya wingi wa wanyama. Kwa maelezo yake mwenyewe, ushauri wake ulichangia kuuawa kwa tembo wapatao 40,000, na ardhi haikupona. Kutoka hapo aligeukia upande wa pili. Alifundisha kwamba kinachoharibu ni wanyama kukaa mahali pamoja na kurudia jani lile lile kabla halijapona. Wakusanywe kundi moja kubwa, wale kwa muda mfupi, waondoke, na mahali pale papumzike.

Katika fundisho hilo mna punje ya ukweli, nayo ni muhimu. Jani linalochipua wakati wa masika likiliwa tena na tena, mizizi yake hudhoofika. Likipumzishwa, hujenga akiba. Kwa hiyo mapumziko yana thamani kubwa kuliko yote wakati wa mvua, hasa pale mtu anapodhani majani ni mengi na hayahitaji kulindwa. Meneja anayefunga malisho wakati wa kiangazi tu, majani yakiwa yamekwisha kukauka, anafunga zizi ng'ombe wakiwa wamekwisha toka.

Lakini kutoka hapo Savory aliruka mbali. Alidai kwamba kwa mpango wake idadi ya ng'ombe yaweza hata kuongezwa maradufu. Majaribio ya Charter, yaliyofanyika Rhodesia kati ya 1969 na 1975, yalitolewa kama ushahidi. Wahakiki wakaonyesha kwamba mvua ya miaka hiyo ilikuwa juu ya wastani. Mwaka 2008 Briske na wenzake walichapisha mapitio ya majaribio mengi ya malisho ya mzunguko, wakaona kwamba kwa jumla mzunguko haukuyashinda malisho ya kuendelea. Kilichoamua zaidi ni mvua na idadi ya ng'ombe kwa eneo. Katika hotuba yake ya California mwaka 2013 Savory alikwenda mbali zaidi, akasema kwamba mifugo yaweza kuirudisha hewa ya dunia katika hali ya kabla ya viwanda. Wanasayansi wengi wamelikataa dai hilo, nasi hatuoni sababu ya kulipokea. Ng'ombe hawezi kubebeshwa deni la makaa ya mawe ya Ulaya.

Kwa hiyo hakuna mzunguko utakaomwokoa meneja anayekataa kuhesabu. Mwisho wa masika hupimwa majani yaliyosimama, huhesabiwa vichwa, na maksai na majike makongwe wanaozidi huuzwa wakiwa bado wanono. Kazi hii haitaki waya wala mkopo, ila haipendwi, kwa kuwa kitabu cha ranchi huonekana kizuri kikionyesha vichwa vingi. Ukame ukija, wale wale huuzwa wakiwa mifupa au huzikwa.

Tuje kwenye seng'enge. Hapo mwanzo njia ya Savory ilitaka vitalu vingi vilivyogawanywa kama njiti za gurudumu la baiskeli kuzunguka kisima. Waya wake ulikuwa ghali, na njia kuzunguka maji zilikanyagwa zikawa vumbi. Baadaye, huko Dimbangombe karibu na Victoria Falls, kazi hiyo ilifanywa na wachungaji na maboma yanayohamishwa. Ng'ombe hulala mahali kwa siku chache, samadi ikabaki, boma likahamia penye udongo uchi. Nani hakulijua hilo? Katika nyanda za Laikipia, mahali palipokuwa na maboma ya kale huonekana hadi leo kwa majani yake mazuri, miongo mingi baada ya wenyewe kuhama. Wamasai wana alalili ya ndama, Wasukuma wana ngitili, malisho yanayofungwa kwa makubaliano mvua zinapoanza. Uhamishaji wa watu vijijini katika miaka ya 1970 uliwatenga wengi na ngitili zao, na ilibidi mpango wa HASHI, ulioanza Shinyanga mwaka 1986, urudi kuwauliza wazee zilikuwa wapi. Basi elimu iliyofika kwetu kwa jina la Kiingereza, ikiwa na ada ya semina, sehemu yake kubwa ilikuwa mali ya wachungaji.

Na hapa ndipo uhakiki wetu unapofika penye kiini. Tunaposema malisho ya gharama ndogo, ni gharama ya nani? Ukiondoa waya, kazi ya waya haitoweki, humwangukia mtu. Mchungaji ndiye uzio unaotembea. Ndiye anayejua bonde lipi lilipumzika, ndiye anayehamisha jiwe la chumvi kwenye majani ya mbali ili ng'ombe walifuate, ndiye anayekesha bomani na fisi wakizunguka. Katika mahesabu ya ranchi nyingi huyu huandikwa kibarua, wakati pampu iliyoharibika ina ukurasa wake. Ranchi inayookoa fedha ya seng'enge kisha ikamlipa mchungaji ujira wa njaa imehamisha gharama kutoka kwenye daftari hadi kwenye nyumba ya mfanyakazi.

Tunalotaka ranchi za umma zifanye si gumu. Mchungaji aajiriwe kwa mkataba, awe na sauti katika kikao kinachopanga malisho kabla ya mvua, na sehemu ya fedha isiyonunua waya imnunulie koti la mvua, viatu, tochi na mshahara unaofika mwisho wa mwezi. Vijiji vinavyopakana na ranchi navyo viwe na nafasi katika kikao hicho, kwani mwaka wa ukame ng'ombe wao wataingia tu, na ni afadhali waingie kwa makubaliano yaliyoandikwa, kwa idadi na kwa tarehe, kuliko usiku kupitia waya uliokatwa.