Pembe bila Watumwa: Uhakiki wa "West of Zanzibar"

Filamu hii ya Harry Watt (1954) ilipigwa Afrika Mashariki kwenyewe, ila Chifu Ushingo anaigizwa na Edric Connor wa Trinidad, na mhusika mwingine wa Kiafrika na Orlando Martins, mzaliwa wa Lagos. Hilo lingesameheka; dhamira yake haisameheki. Kabila linalohamia Mombasa linanaswa na magendo ya pembe za ndovu, hata aje Mzungu, mlinzi wa wanyama, kuliokoa. Kuhama, kwa Watt, ni kupotoka. Kumbe ng'ambo ya kisiwa ipo Frere Town, iliyoanzishwa 1875 kwa watumwa waliookolewa majahazini: Wayao, Wamakua, Wanyasa, wageni watupu, wakawa mji wenye kanisa na shule. Zamani pembe na watumwa walishuka pwani kwa msafara mmoja. Watt amezitwaa pembe. Wazao wa watumwa hawamo.