Sello Ilikuwa Chumbani: Jinsi The Good Ones Walivyorekodi Albamu Yao

Mjomba wangu hupiga gita katika kwaya hapa Gashonga, Rwanda, na ana sikio lisilosamehe. Jioni moja tulikaa nyuma ya jiko lake nikamwekea kwenye simu *Rwanda Sings With Strings*, albamu ya The Good Ones, kundi la hapa kwetu la Adrien Kazigira na Janvier Havugimana, iliyotoka mwaka 2025. Alisikiliza wimbo wa kwanza mpaka mwisho bila kusema neno. Kisha akasema, "Rudisha." Mara ya tatu ndipo akauliza: "Mwana wa dada, huyu wa sello alikuwa nao pale pale, au walimwongeza baadaye?"

Sijasoma mhakiki hata mmoja aliyeuliza swali hilo, ingawa ndilo linalofungua mlango wa albamu hii. Wengi huanza na mwaka 1994 na kuishia huko huko. Historia hiyo ni ya kweli na ni nzito: kaka mkubwa wa Janvier Havugimana, kipofu aliyewafundisha muziki utotoni, aliuawa katika mauaji ya kimbari. Lakini Havugimana na Adrien Kazigira ni mafundi, na fundi huheshimiwa kwa kutazamwa kazi yake. Inaniuma kuona kazi ya mikono yao ikipitwa kama maelezo ya pembeni.

Jibu la swali la mjomba ni kwamba sello ilikuwa pale pale. Wanaume hawa wawili walikuwa ziarani Marekani, na prodyuza wao Ian Brennan akawarekodi katika chumba cha hoteli mjini Washington pamoja na mpiga fidla na mpiga sello, kwa mkupuo mmoja, bila kupandikiza sauti nyingine baadaye. Kazigira anaimba na kupiga gita. Havugimana anaimba naye na kupiga midundo. Hakuna ngoma za seti wala besi ya umeme.

Ili kuona uzito wa uamuzi huo, turudi mwaka 2019, walipotoa *Rwanda, You Should Be Loved* kwa lebo ya Anti-. Msingi wa albamu ile ulirekodiwa shambani kwa Kazigira, juu ya kilima alikozaliwa. Halafu wakaalikwa watu wakubwa wa roki huru: Nels Cline wa Wilco, Corin Tucker wa Sleater-Kinney, Kevin Shields wa My Bloody Valentine, Joe Lally wa Fugazi. Wageni wale hawakupanda kile kilima. Michango yao iliunganishwa na nyimbo zilizokwisha kuimbwa, na mtu akisikiliza kwa makini anausikia mshono. Gita la mgeni linajua wimbo unakwenda wapi, kwa sababu limekwisha kuusikia wote, ila waimbaji hawalisikii. Kazigira hawezi kupunguza mwendo kidogo ili kumpisha mtu ambaye bado hajafika. Ni mazungumzo ya upande mmoja, hata yakiwa matamu kiasi gani.

Katika albamu ya 2025 upande wa pili umepata masikio. Mpiga sello akivuta upinde taratibu, mwimbaji anasikia, naye anaikalia silabi yake ya mwisho kidogo zaidi. Hakuna metronomu inayowafunga. Mwendo wa wimbo unapanuka na kubana kama pumzi ya mtu anayepanda mlima na mzigo kichwani, na vyombo vyote vinapanuka na kubana pamoja. Ukipandikiza sauti baadaye, jambo hili ni gumu mno kulipata, hata uwe na mashine za bei gani.

Namna hii ya kurekodi ina gharama yake. Studio za kawaida mara nyingi huweka kila chombo katika kibanda chake ili maiki ya mwimbaji isinase gita, na ya gita isinase mwimbaji. Katika chumba kimoja cha hoteli sauti zinavuja kila mahali. Sello iliyo mita 2 kutoka kwa mwimbaji huingia pia kwenye maiki yake, ikiwa imechelewa takriban milisekunde 6. Ukikosea mpangilio wa watu na maiki, sauti hizo mbili za chombo kimoja zinakulana na sello inakuwa nyembamba kama ya redio mbovu. Ukipatia, zinajenga chumba: msikilizaji anajua nani yuko karibu na nani yuko nyuma. Na yeyote akikosea noti, hakuna kuifuta noti hiyo peke yake, maana imekwisha kuingia kwenye maiki za wenzake. Wote wanarudia, au wote wanakubali kuishi nayo.

Brennan ameifanya kazi ya namna hii kwa miaka. Ndiye prodyuza wa *Tassili* ya Tinariwen, na ndiye aliyekwenda kisiwani Ukerewe, Tanzania, kurekodi kundi la watu wenye ualbino lililotoa albamu mwaka 2017. Kwa hiyo mafanikio haya hayakuwa bahati tu.

Sasa tuje kwenye kipimo cha sauti, kwa sababu mjomba alilalamika mapema: "Nyuzi hizi zote, gita litakaa wapi?" Uzi mnene wa gita lililokazwa kawaida hutetema mara 82 kwa sekunde. Uzi mnene wa sello hushuka hadi 65. Uzi wa chini kabisa wa fidla huanzia 196 na kupanda juu sana. Sauti za wanaume wawili hukaa katikati, mahali gita nalo linapopenda kukaa. Ukiweka sello chini ya gita na fidla juu ya vichwa vya waimbaji, katikati panabaki pa wenyewe. Sello inafanya kazi ya besi ambayo kundi hili halina, na inaifanya bila kuwa nzito, kwa sababu upinde hauna kishindo kama kidole kinachodonoa uzi.

Wasomaji wa pwani watakumbuka taarabu. Katika kikundi kama Culture Musical Club cha Unguja, fidla huenda pamoja kwenye njia ya mwimbaji, zikiipamba, na akinyamaza zinamjibu. The Good Ones hawakuhitaji hilo, kwa kuwa jibu wanalo tayari: ni sauti ya pili ya Havugimana, iliyo karibu mno na ya kwanza hata unashindwa kusema ipi ndiyo wimbo na ipi ndiyo pambo. Fidla ingefuata njia ile ile, tungepata watu watatu kwenye kijia cha mmoja.

Kuna mwenzangu mmoja wa Kamembe aliyeniambia kwamba fidla ni chombo cha wageni, na imeharibu muziki wa kwetu. Namheshimu, lakini amesahau iningiri. Ni chombo cha uzi mmoja kinachopigwa kwa upinde, na wazee wa Rwanda walikipiga sambamba na vyombo vingine vya nyuzi, inanga na umuduri. Sikio la Mnyarwanda lilikwisha kuujua mkwaruzo wa upinde. Kilicho kigeni hapa ni idadi ya nyuzi.

Jambo lililomshinda mjomba ni sauti ya pili. Alijaribu kuiimba akakwama, akajaribu tena. Kwaya imemzoesha kwenda sambamba na sauti ya kwanza, hatua kwa hatua, kama reli mbili. Lakini Kinyarwanda ni lugha yenye toni, tofauti na Kiswahili kilichokwisha kuziacha. Neno *umuryango* huandikwa vilevile likiwa na maana ya familia au ya mlango, na sikio ndilo linalotenganisha. Mtunzi wa wimbo wa Kinyarwanda hupigana daima na tatizo hili: muziki unataka kupanda mahali neno linataka kushuka. Nikiwasikiliza hawa wawili nasikia mmoja akilinda neno huku mwingine akiruhusiwa kulinda muziki, kisha wanabadilishana. Ndiyo maana nafasi kati yao hainyooki. Nyuzi za kigeni zilizokaa pembeni ya ugomvi huo na kuuacha uendelee zimeonyesha adabu kubwa.

Si kila kitu kimenikolea. Pale ambapo fidla inashika noti ndefu na tamu kwa muda mrefu, uchungu wa wimbo unapewa sukari usiyoihitaji. Naikumbuka hewa ya kile kilima cha albamu ya 2019, ambayo chumba cha hoteli hakiwezi kuitoa. Ningependa wapiga nyuzi hawa wapelekwe siku moja huko shambani, wakae nje, wapambane na upepo.

Giza lilipoingia mjomba alichukua gita lake, akalegeza uzi mnene kidogo, akaniambia niimbe sauti ya kwanza na nisimngoje. Tulifika ubeti wa pili kabla hajanisimamisha. "Usinifuate," akasema. "Nisikilize tu."