Kopo, Sindano na Giza

Mchana wa kiangazi hapa Bariadi, ingia kwenye chumba cha bati, funga mlango na dirisha. Pale msumari ulipong'oka, mwanga unapenya na kuacha sakafuni duara lenye upana wa kizibo cha soda. Utotoni nilidhani ni umbo la tundu. Kumbe tundu limechanika vibaya, lina pembe, duara halina. Lile ni jua lenyewe, limejipiga picha sakafuni. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa, duara lile liligeuka hilali.

Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliliandikia jambo hilo risala nzima karibu miaka 1,000 iliyopita: hilali huonekana tundu likiwa dogo tu. Lipanue, inapotea. Yaani picha haitokani na wingi wa mwanga. Inatokana na kuunyima nafasi.

Kamera yangu ni chumba hicho hicho, kimepungua hadi kuenea mkononi. Ni kopo la maziwa ya unga, ndani nimelipaka rangi nyeusi isiyong'aa. Ubavuni nimebandika kipande cha kopo la soda nilichokitoboa kwa ncha ya sindano, ncha tu, kisha nikakipiga msasa hadi ukingo ukalainika. Karatasi ya picha huingia usiku, chini ya taa nyekundu. Kifuniko cha tundu ni selotepu nyeusi.

Msimu wa pamba nililiweka kopo juu ya jiwe kwenye kituo cha kununulia, nikabandua selotepu, nikahesabu hadi tisini. Usiku, karatasi ikiwa kwenye dawa, lundo la pamba lilijitokeza jeusi kama mkaa, miguu juu kichwa chini. Nikailaza juu ya karatasi nyingine, nikawasha taa kidogo. Pamba ikarudi nyeupe.

Pichani, vijana waliokuwa wakipishana na magunia kwenye mzani hawakutoka hata mmoja. Aliyetoka ni mzee aliyekalia mzigo wake, ameshika tama, akingoja zamu.

Nilimpelekea picha. Akaitazama kwa muda.

"Mbona niko peke yangu? Siku ile tulikuwa wengi."

"Wenzako walikuwa wanapita, mzee. Wewe ulitulia."

Akacheka. "Kumbe foleni nayo ina faida yake."