Tangazo Lisilotaja Bidhaa Yake

Tangazo la biashara hutaja bidhaa. Katika uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2024 yalitoka ya namna nyingine. Makampuni ya kripto, yaani zile sarafu zisizoshikika zinazokaa ndani ya kompyuta, yalichangia mfuko uitwao Fairshake. Huko California ukatumia kiasi cha dola milioni 10 kumpinga Katie Porter, aliyegombea useneta. Matangazo yalimlaumu kuwa amepokea fedha za wakubwa wa mabenki na mafuta. Kripto haikutajwa. Tazama ajabu: fedha za matajiri zamtia mtu aibu kwa fedha za matajiri!

Ohio zilimwagwa kiasi cha dola milioni 40. Sherrod Brown, mwenyekiti wa kamati ya mabenki ya Seneti, mkali kwa biashara hiyo, alishindwa na Bernie Moreno. Matangazo yakamsifu Moreno, kripto, kimya.

Sheria yao yaruhusu, nami siiti rushwa. Tena wenye makampuni wana hoja: wataka kanuni zilizo wazi, si kuburutwa mahakamani kila mara. Yastahili kusikilizwa. Basi mbona waliificha? Bwana Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta majimaji chini. Muuzaji akasingizia mvua. Hakulaumiwa kwa mvua, alilaumiwa kwa kutouweka ule unyevu juu, watu wakauona.

Julai 2025 sheria ya sarafu zilizofungamanishwa na dola ilitiwa saini. Katika matangazo yale, mpiga kura wa Ohio hakuulizwa neno juu yake.