Karatasi Mbili za Ukutani

Msomaji mwema, uhakiki hudhaniwa kuwa ni kazi ya kupima tenzi, riwaya na tamthilia peke yake. Lakini yako maandishi yasomwayo na vijana wengi kuliko tenzi na riwaya, nayo hayajapata mhakiki. Yamebandikwa ukutani, karibu na mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu, mahali upitapo kila asubuhi. Kwa kawaida karatasi zenyewe ni mbili. Ya kwanza ni orodha ya kanuni. Ya pili ni orodha ya ufaulu. Ya kwanza hukataza na ya pili husifu. Hazina jina la mtungaji, wala hakuna mtu aulizaye kama zimetungwa vema. Hata hivyo, hufinyanga tabia za wasomaji wake pengine kuliko vitabu vingi vilivyofungiwa kabatini. Nakuomba tuzisome pamoja kama tusomavyo maandishi mengine yoyote. Tuulize nani anasema, anasema na nani, na maneno yake yanamchukulia msomaji kuwa mtu wa namna gani.

Kwa mahali pa kuzisomea nimechagua Wang'uru, mji wa mpunga katika Mwea, kaunti ya Kirinyaga, ambako maji ya mito ya Thiba na Nyamindi yatokayo Mlima Kenya hugawanywa kwa mifereji mpaka majarubani. Nimeuchagua kwa sababu watu wa huko wanajua kwa mapana yake maana ya kuishi chini ya kanuni zilizoandikwa na mtu mwingine. Mpango wa umwagiliaji wa Mwea ulianzishwa katikati ya miaka ya 1950, siku za Hali ya Hatari, na mahabusu wa serikali ya kikoloni walitumiwa kuchimba mifereji na kutengeneza mashamba. Wakulima waliowekwa humo, kwa kawaida kila mmoja na ekari 4, hawakuwa wenye ardhi. Walikuwa wenye leseni tu. Walitakiwa kutii maagizo ya meneja, na mwenye kuvunja masharti aliweza kupoteza leseni na shamba pia.

Haifai kuzidharau kanuni zile zote. Maji ya mfereji ni ya watu wengi, na kila mtu akijifungulia apendavyo, shamba la mwisho hukauka. Ila kasoro ya maandishi yale ilikuwa kubwa: yalisema kwa upande mmoja. Wajibu wa mkulima kwa meneja ulielezwa kwa kirefu, na wajibu wa meneja kwa mkulima kwa ufupi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uvumilivu ulikatika. Wakulima walikataa kuendelea kuipelekea bodi mpunga wao, wakashika njia ya chama chao cha ushirika. Waliokataa walikuwa watu waliotii kwa miaka mingi. Twajifunza hapa kwamba kanuni isiyomtambua mtu anayeiishi hutiiwa kwa hofu, na hofu ina mwisho wake.

Sasa turudi shuleni. Sekondari msingi, yaani Gredi ya 7, ya 8 na ya 9, ilianza nchini Kenya mapema mwaka 2023, na shule hizi ziliwekwa ndani ya nyua za shule za msingi. Kijana wa miaka 14 hupita lango moja na mtoto wa miaka 6. Mahali pa namna hii kanuni za watoto wadogo ni rahisi kurithiwa na vijana bila ya kubadilishwa hata neno. Tutunge basi mfano wa kanuni, usio wa shule yoyote, ila wenye sura ambayo msomaji ataitambua: "Ni marufuku kuchelewa. Atakayechelewa ataadhibiwa."

Maneno matano tu, na ufupi wake waweza kusifiwa. Lakini ufupi ni sifa pale tu unapoacha lisilohitajika. Hapa limeachwa la lazima. Nani amekataza? Hatuambiwi. Kwa sababu gani? Hatuambiwi. Ataadhibiwa na nani, kwa adhabu gani? Kitenzi hiki cha kutendwa ni pazia, na nyuma ya pazia laweza kujificha jambo lililokatazwa na sheria yenyewe. Kenya iliondoa kiboko shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza adhabu ya mwili na mateso ya kiakili kwa mwanafunzi. Karatasi isemayo "ataadhibiwa", kisha ikanyamaza, haimwambii mtoto kwamba anayo kinga hiyo, wala haimkumbushi mwalimu kwamba anao mpaka huo.

Tuipime kanuni hiyo hiyo kwa maisha ya Wang'uru. Mpunga unapokomaa, makundi ya kwelea hushuka mashambani alfajiri, na familia isiyo na fedha za kuajiri mtu hutoka yenyewe kuamia ndege. Mtoto aliyetoka huko, miguu ina matope, na mtoto aliyesimama njiani akicheza, wote wawili ni "atakayechelewa". Kanuni haiwezi kuwatenga, kwa maana haikutungwa na mtu aliyewawazia. Sisemi kwamba kazi ya shamba ihalalishe utoro; haki ya mtoto ya kusoma ni kubwa kuliko gunia la mpunga, na mzazi asahauye hilo ana lake la kujibu. Nasema kwamba kanuni njema hutaka kujua kabla ya kuhukumu.

Tujaribu kuitunga upya: "Masomo huanza saa mbili. Ukichelewa, mweleze mwalimu wa zamu sababu, naye atakuonyesha utakavyopata somo lililokupita. Ukichelewa mara tatu katika juma moja, mzazi wako ataitwa ili tushauriane." Maneno yamezidi, lakini tazama yaliyopatikana. Mwanafunzi ana wajibu, mwalimu ana wajibu, mzazi ana wajibu. Mwenye matope miguuni amepata nafasi ya kusema, na mwenye kucheza njiani hakupata pa kujificha. Ukali haukupungua, umepata macho.

Watetezi wa kanuni fupi na kali hupenda kuleta methali, "Samaki mkunje angali mbichi." Methali hii ni ya kweli, lakini isomwe vizuri. Imesema mkunje, haikusema mvunje. Tena mkunjaji samaki hutumia vidole, hujua mfupa uko wapi, na ana sababu ya kukunja. Kanuni isiyoweza kutoa sababu yake haina haki ya kuiazima methali hii. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba shule ilikosea kumzuia msichana kwa ajili ya nywele zake za rasta, alizokuwa nazo kwa imani ya dini yake. Funzo lake kwa mtungaji wa kanuni ni jepesi: kabla hujaandika "marufuku", jiulize kama utaweza kuitetea sababu yako mbele ya mtu asiyekuogopa.

Karatasi ya pili ni ya sifa. Kwa miaka mingi sifa ya shule ya msingi nchini Kenya ilipimwa kwa namba moja. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1985 na kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Katika miaka yake ya mwisho jumla ya alama ilikuwa 500, na maisha ya mtoto ya miaka minane yalikunjwa yakatiwa ndani ya tarakimu tatu. Mwaka 2014 Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba itaacha kupanga shule na watahiniwa kwa nafasi, lakini tabia ya kupanga haifi kwa waraka. Iliendelea kuishi vinywani mwa wazazi na katika karatasi za ukutani.

Mwaka 2025 watahiniwa zaidi ya 1,100,000 wa Gredi ya 9 walikuwa wa kwanza kufanya tathmini ya KJSEA. Matokeo yake hayakutolewa kwa namba moja ya mwisho, bali kwa viwango vinane katika kila somo: kuzidi matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio na kuwa chini ya matarajio, kila kimoja kikigawanywa mara mbili. Tena katika kumpangia mwanafunzi nafasi ya sekondari ya juu, tathmini hiyo ilipewa asilimia 60. Asilimia 20 zilitoka katika tathmini ya Gredi ya 6, na asilimia 20 katika kazi zilizopimwa shuleni. Haya ni maendeleo, kwa kuwa siku moja mbaya ya mtihani haiwezi tena kuizika miaka mitatu.

Hata hivyo, mhakiki hana budi kulisimamisha neno moja na kulihoji. Neno lenyewe ni "matarajio". Matarajio ya nani? Mtoto hajaulizwa alitarajia nini, wala mzazi wake. Aambiwaye kwamba yu chini ya matarajio, bila ya kuelezwa ni jambo gani hajaliweza na ataliwezaje, amepewa hukumu wala hakupewa habari. Zaidi ya hayo, kuna kishawishi cha hesabu. Kila kiwango kina pointi zake, kuanzia 8 hadi 1; masomo ni tisa; jumla ya juu kabisa ni 72. Shule itakayobandika ukutani jumla hizo toka ya kwanza hadi ya mwisho itakuwa imeifukua KCPE na kuivika kanzu mpya.

Tutunge na hapa mfano: "Tunawapongeza wanafunzi wetu kwa matokeo bora na kwa kuiletea shule sifa." Sentensi ni ya adabu, lakini haina mtendaji wala tendo. Wanafunzi gani? Walifanya nini? Mwisho wake ni mbaya kuliko mwanzo, kwa sababu umemgeuza mwanafunzi kuwa mchukuzi wa mzigo, na mzigo ni sifa ya shule. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa isiyotaja tendo ndiyo iharibuyo mgema, maana haimwambii ni kazi gani aendelee kuifanya.

Linganisha na hii, ambayo pia ni ya kubuni: "Wanafunzi sita wa Gredi ya 8 walipima kina cha maji ya mfereji kila siku kwa majuma manne, wakachora jedwali, wakawaeleza wazazi siku ambazo maji hupungua." Hapa pana watu, pana kazi, pana muda, pana faida. Msomaji wa Gredi ya 7 akiisoma atajua la kuiga. Hii ndiyo alama ya sifa njema: huacha njia ambayo mwingine anaweza kuipita. Tena karatasi ya namna hii ina nafasi ya mtu ambaye orodha ya namba humsahau siku zote, yaani mwanafunzi aliyetoka kiwango cha chini kabisa akafika kile cha kukaribia matarajio. Aliyepanda kwa miguu kutoka tambarare za Mwea hadi mabega ya mlima amesafiri mbali kuliko aliyezaliwa hatua chache chini ya kilele, ingawa huyu wa pili ndiye anayeonekana juu.

Najua pingamizi itakayotolewa. Itasemwa kwamba dunia hupanga watu kwa nafasi, kwamba viti vya shule kubwa ni vichache, na kwamba mashindano huamsha walalao. Kuna ukweli ndani yake. Namba haisemi uongo juu ya jambo ililolipima, na kumficha mtoto namba yake ni kumdharau. Apewe namba yake, yeye na mzazi wake, pamoja na maelezo ya mwalimu. Lakini jambo la kumwambia mtu mmoja sikioni si lazima liwe jambo la kumtundikia ukutani. Mashindano huwaamsha wachache walio karibu na nafasi ya kwanza. Walio mbali huwafundisha kwamba wao si sehemu ya mchezo.

Limebaki neno moja juu ya lugha. Mara nyingi karatasi hizi mbili huandikwa kwa Kiingereza, hata pale ambapo mzazi aliyeitwa kuzisoma ni mkulima asiyekijua. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, tena lugha rasmi. Kanuni ambayo mzazi hawezi kuisoma haiwezi kumtaka ashirikiane na mwalimu, na sifa ambayo mama hawezi kuisoma imemnyima furaha aliyoitolea jasho akiwa ameinama majini kupandikiza miche.

Basi, msomaji, kesho asubuhi simama mbele ya ukuta wa shule yako kwa dakika chache. Isome kila kanuni ukiuliza: imetoa sababu? Imemfunga pia aliyeiandika? Isome kila sifa ukiuliza: imetaja tendo ninaloweza kuliiga? Ukiona kasoro usiichane karatasi, wala usiicheke. Ichukue kalamu, uitunge upya kwa adabu, uipeleke kwa baraza la wanafunzi au kwa mwalimu umwaminiye. Pengine itakataliwa mara ya kwanza. Lakini utakuwa umejizoeza kazi utakayoihitaji ukubwani. Miongoni mwenu watatoka walimu wakuu, makarani wa vyama vya ushirika, mahakimu na wabunge, nao wataandika kanuni na sifa za watu wengine. Afadhali wajifunze kuziandika sasa, wangali wanakumbuka jinsi zinavyosomwa na mtu aliye chini.